Pushapu Zangu Hazikuhesabiwa

Jamani, leo nimeangushwa mtihani wa mazoezi kwa kosa la kuwa na nguvu!

Mnajua mimi ni askari jela. Asubuhi tulikuwa uwanjani tukipimwa kama bado tunaifaa kazi. Mbio nilikimbia, na jua la Kisauni mnalijua, nikawaacha nyuma wanaume kadhaa.

Tukafika kwenye pushapu.

Afande msimamizi ameketi kivulini, kitambi kimemlalia mapajani. Akasema wanawake tupige pushapu za magoti.

Mimi nikanyoosha miguu, nikazipiga kama wanaume. Kifua hadi mchangani, juu, chini, mpaka wenzangu wakanipigia vigelegele.

Nikainuka nikingoja sifa.

"Hukufuata maagizo," akasema. "Hizo sizihesabu. Umeanguka."

"Lakini afande, hizi ndizo ngumu zaidi!"

"Mwanamke ana kipimo chake."

Wallahi hasira zilinipanda. Nikapiga saluti nikarudi mstarini, kazi ni kazi.

Sasa sikieni.

Adhuhuri mama mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe alizirai langoni. Pande la mtu! Askari wanaume wakabaki kutazamana, nani atamshika mke wa watu?

Afande yuleyule akapaza sauti, "Mwanamkasi! Njoo umbebe!"

Nikambeba peke yangu hadi zahanati. Afande nyuma yangu anahema, mkononi ana kandambili za mgonjwa.

Mama yu salama, alhamdulillahi.

Lakini hebu niambieni nyinyi: yule mama nilitakiwa nimbebe kwa magoti?