Vipele vya Kiwandani

Dashibodi ya Landrova ya Baba Joyness, ya mwaka sabini na moja, ilimchukua fundi rangi wa mtaa wa Bagara, Babati, wiki tatu. Mwenye gari, mzee mstaafu, alitaka rangi yenye vipele vilevile ilivyotoka navyo kiwandani, na fundi hakuwa mtu wa kukisia. Alirudisha bomba la kupulizia nyuma, akapunguza upepo ili rangi itue kwa matone yaliyokwishaanza kukauka hewani, kisha akafumba macho na kupitisha kidole kidogo, kile kisicho na sugu. "Bado laini," alinong'ona, akapiga msasa, akaanza upya. Mara ya sita kidole kilitulia. Siku hiyo kila mpita njia aliitwa aguse, hata mama muuza maandazi, aliyesema inakwaruza kama goti lake.

Baba Joyness alikuja, akagusa, machozi yakamlengalenga. Kisha akatoa mfukoni kifuniko cha manyoya mekundu, akakitandika juu ya dashibodi yote.

"Jua la Babati litaiharibu," alisema.

Fundi alikitazama, akakiondoa taratibu, akakikunja na kukikalia.

"Rangi haijakauka, Baba Joyness. Niachie mpaka Jumamosi."

Ilikuwa imekauka tangu Jumanne.