Ruta yangu ya kwanza, na ugomvi wa mama na meza

Wakuu, habari za baridi.

Niko Soweto, Mbeya. Nauza mchele wa Madibira, na useremala naufanya uani siku ambazo wateja wamenisusa. Haya ninayoandika ni ya kweli, na vidole vyangu vyote kumi bado vipo kama mashahidi.

Kwanza tuelewane. Ruta ninayosema siyo ile ya wifi. Nilipouliza kwenye grupu la ukoo nani anajua ruta nzuri, shemeji yangu wa Dar akanitumia picha ya kidude chenye antena, akaongeza kwamba kina spidi balaa.

Ruta ya mbao ni mashine inayozungusha kisu kwa kasi. Unaipitisha kwenye ubao inachimba mfereji, inachonga maua, au inaondoa ukali wa kingo. Visu vyake tunaviita biti.

Mimi nilitaka maua. Nilishaangalia video mpaka bando likaisha, najiona tayari natengeneza makabati ya maharusi.

Sasa turudi nyumbani.

Mama yangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Presha ya macho imemchukulia karibu nuru yote, ndiyo maana nilimleta kwangu. Kwake alijua kila kitu kilipo hata bila kuona. Kwangu kuna meza, benchi, stuli na kitanda, vyote kazi ya mikono yangu, kona kali zimenyooka kama za kiwandani. Nilikuwa najisifia sana hizo kona.

Miguu ya mama ikajaa michubuko.

Mwisho akaacha kutembea kabisa. Kiti kimoja, kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha usiku. Halafu siku moja akafunga vitenge vyake kwenye mfuko, akaniambia, "Baba, nirudishe Tukuyu. Huku meza zenu zinanipiga."

Wakuu, kule Tukuyu hakuna mtu. Nyumba imefungwa. Angekaa na nani? Niliumia sana, na sikujua nifanye nini zaidi ya kumtafutia fimbo ya kutembelea. Fimbo yenyewe aliikataa, akasema yeye si mzee.

Wiki ileile nikapeleka mchele Iringa. Nikaingia duka moja la hardware, mwenye duka ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa palepale. Anamsalimia kila anayeingia "kamwene" kwa Kihehe safi kuliko mimi niliyekaa Iringa miaka ya shule.

Nikamwonyesha boksi la ruta kubwa kuliko zote, pamoja na seti ya biti zilizopangwa kwenye sanduku kama vijiko vya harusi.

"Unataka kutengeneza nini, kaka?"

"Vitu mbalimbali, mama."

"Vitu mbalimbali siyo kitu. Ukifika nyumbani ukawasha, unaanza na nini?"

Sijui nini kilinipata. Nilitaka kusema maua, nikajikuta naeleza habari za mama na meza, mpaka ule mfuko wa vitenge.

Akaniambia nishike ukingo wa kaunta yake. Ulikuwa wa mviringo, laini, toka mwanzo hadi mwisho. Kumbe marehemu mumewe ndiye aliyeuzungusha hivyo, watoto wao walipoanza kutembea, maana mapaji yao ya uso yalikuwa usawa wa kona yake.

Boksi kubwa akalirudisha juu. Akaleta ruta ndogo ya kushika kwa mkono mmoja, ile mafundi wanaita trima. Akasema ile kubwa ni nzito, anayeanza itamburuza.

Seti nayo akaikataa! Akanipa biti mbili tu. Moja ya kuchimba mfereji ulionyooka, nyingine ya kuzungusha kingo, yenye beringi ndogo kwenye ncha. Beringi inatembea ubavuni mwa ubao, kwa hiyo kisu hakizami kuliko kinavyotakiwa. Akahakikisha mashina yake, yaani ile sehemu inayobanwa na mashine, ni robo inchi, kwa sababu yale ya nusu inchi hayaingii kwenye trima.

"Maua utarudi kuyachukua," akasema. "Mama kwanza."

Mfanyabiashara anayekuuzia kidogo, wakuu, mlishamwona wapi?

Jumamosi nikavaa miwani, nikaanza na kipande cha paini. Nikaisukuma trima upande uleule ambao kisu kinavuta, ikanitoroka kama mbuzi aliyeona mahindi. Wanaoanza mshike hili: ukiukabili ukingo wa nje, toka kushoto kwenda kulia. Usikawie sehemu moja, mbao inaungua. Na kabla ya kubadili biti, chomoa waya ukutani.

Nilipotulia nikamaliza meza, benchi, stuli, kitanda. Nikapiga msasa.

Jioni mama akainuka kwenda kunywa maji. Mkono ukagusa kona ya meza, akasimama. Akaipapasa, akaifuata mpaka kona ya pili. Mimi nipo mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, hata kupumua naogopa.

"Baba," akasema, "hii meza imeacha ugomvi."

Akaenda kwenye benchi, akaenda kwenye stuli, kila kimoja anakisalimia kwa mkono. Akatoka hadi uani peke yake. Aliporudi akanishika bega. "Ndaga, baba." Ndaga kwetu ni asante. Nililia, na wala sioni aibu kuwaambia.

Mfuko wa vitenge aliufungua mwenyewe.

Safari iliyofuata nilimpelekea yule mama wa Iringa mchele. Kabla ya kuupokea aliuliza, "Mama anatembea?" Mungu ambariki na duka lake.

Nilichojifunza: kabla hujauliza ruta gani ni kali, jua kwanza nani ataigusa hiyo kazi yako. Jibu hilo litakuchagulia mashine na biti.

Sasa naomba msaada wenu. Jana mama katoka mwenyewe kwenda kwa jirani, karudi analalamika kwamba meza ya kule nayo ni mgomvi, na ameshaahidi kwamba mwanawe atakuja kuipatanisha. Ni mninga mkavu, mgumu kweli. Trima yangu itauweza kwa mara moja, au nipite kidogokidogo? Karibuni mnishauri, jirani ameshatoa vitu mezani ananisubiri.