Jumapili ya Zana Nyumbani kwa Kaltumi

"Nyumba yangu haifungwi na serikali yoyote. Bawaba za mlango nilizitia mwenyewe!"

Hayo Kaltumi binti Abudu aliyasema kwenye harusi huko Kawempe, Kampala, mwaka 1975, akiwa amesimama katikati ya watu na sahani ya pilau mkononi. Waliokuwa na akili timamu walitazama chini. Pale pembeni walikaa wanaume wawili wa miwani myeusi ambao hawakualikwa na mtu, na walikuwa wamekula kuliko walioalikwa. Mwenye harusi akaashiria ngoma ipandishwe sauti. Kaltumi naye akapandisha ya kwake.

Kosa lilikuwa la jirani mmoja aliyemuuliza, kwa upole kabisa, kama hajasikia redioni kwamba watu hawaruhusiwi kukusanyika bila kibali. Je, ile Jumapili yake ya zana ingeendelea?

Ingeendelea. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu wa kanisani wakishatoka na alasiri haijaadhiniwa, baraza ya Kaltumi ilijaa watu wenye ugonjwa mmoja: kupenda zana kuukuu za mkono. Randa, patasi, misumeno, tezo. Zilipangwa juu ya zile sinia za ukili wa rangi ambazo wanawake wa Kinubi hufunikia chakula. Chakula chenyewe siku hizo kilikuwa haba, kwa hiyo sinia zilikuwa na nafasi.

Kaltumi alijifunza useremala kwa babake, aliyekosa mtoto wa kiume na kuamua kwamba ubao haujali. Kazi yake ya kumlisha ilikuwa kuuza makufuli na misumari iliyotumika, pale sokoni Kikuubo. Mwaka 1972 Wahindi walipofukuzwa, nyumba na maduka yao yakaangukia mikononi mwa wakubwa wapya ambao mji uliwaita mafutamingi. Mafutamingi walibaki na friji, makochi na saa za ukutani zisizotembea. Masanduku ya zana waliyatupa nje. Kaltumi akapita nyuma yao na kikapu.

Wenzake walikuwa wa kila namna. Mumbere, mfanyabiashara Mkongomani, alikusanya keke za kutobolea mbao, na moja aliapa kwamba ndiyo iliyotoboa mlango wa gavana wa Kibelgiji. Mzee Cleopas, mwalimu mstaafu wa ufundi, alikusanya pimamaji tu, na hakunywa chai kabla ya kuhakikisha meza imelala sawa. Sharti lilikuwa moja tu: ukishika zana, uitumie. Anayeinua randa lazima atoe maranda mbele ya wote. Waliokuja kupapasa tu walirudi kwao mapema.

Jeshi lilijaa Wanubi, na Kampala nzima iliamini kwamba kila Mnubi ana mtu wake humo wa kumkinga. Kaltumi alikuwa naye kweli, na huyo ndiye aliyemletea balaa. Kamis, mtoto wa marehemu kaka yake, alilelewa humo humo nyumbani, kisha akawa sajenti katika kambi ya Mbuya. Alhamisi moja alikuja na uso wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

"Shangazi, Jumapili hii usifungue."

"Naumwa?"

"Huumwi."

"Basi nafungua."

Kamis akaeleza. Meja wake alipewa karakana ya samani iliyokuwa ya Mhindi. Mashine zimekufa moja baada ya nyingine, vipuri hakuna. Sasa Meja anataka zana za mkono, na Jumapili anakuja na lori kuzichukua, kwa ajili ya vile vita vya uchumi vya serikali.

"Na nani alimwambia mimi nina zana?"

Kamis akachunguza buti zake. "Tulikuwa tunakunywa, Shangazi. Nikajisifu kidogo."

"Mimi nilikuosha matako, Kamis. Ukitaka kujisifu, jisifu kwa vitu vyako."

"Sikiliza basi. Mpe nusu kimyakimya, hawa watu wako usiwaite tena, na hakuna atakayeugusa mkutano wako."

"Hautakuwepo, utaguswa vipi?"

Mumbere alipopata habari alikuja mbio na magunia. Alitaka zana zote zizikwe nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

"Kaka Mumbere, nimemuua nani mpaka nizike?" Kaltumi akamjibu. "Na kutu ni mbaya kuliko Meja. Meja unaweza kumsemesha."

Jumapili ilipofika alifungua mlango na madirisha yote. Kinoo cha kunolea alikipaka mafuta ya simsim yaliyosalia, yale ambayo mwanamke mwingine angeyahifadhi kwa kukaangia. Watu walikuja wachache kuliko kawaida, ila walikuja.

Lori lilisimama mbele ya baraza. Meja akashuka, mtu mnene aliyebanwa na mkanda wake mwenyewe, na askari nyuma yake, Kamis akiwa wa mwisho.

"Nani kubwa ya hii mukutano?"

"Mimi, afande."

"Mwanamuke?"

"Tangu nizaliwe."

Meja hakucheka. Alipita kwenye sinia akitazama kama mtu anayechagua ng'ombe, kisha akainua randa ndefu ya chuma, nzuri kuliko zote.

Hapo Kaltumi akasema. Mumbere alifumba macho kabisa.

"Afande, hapa kwetu anayeshika anatumia. Ubao wa mvule ule pale."

Mzee Cleopas aliishika pimamaji yake kwa mikono miwili kana kwamba dunia imeinama.

"Wewe napa mimi amri?"

"Amri nitaitoa wapi, afande? Ni desturi tu. Lakini kama kazi yenyewe ni ngumu kwako, iweke chini."

Askari walikuwa wanatazama. Meja akakunja mikono ya shati. Alisukuma, randa ikarukaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, ikatafuna ubao. Akasukuma tena kwa hasira, akienda kinyume cha nyuzi, na ubao ukaanguka chini. Askari mmoja nyuma alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

"Randa mubovu!"

"Randa nzima," akasema Kaltumi. "Mpe yule sajenti wako ajaribu. Yule anayejificha nyuma."

Kamis akajongea mbele. Alijua anachoombwa. Kukosea makusudi kungemuokoa Meja na aibu, na kumfanya shangazi yake mwongo mbele ya watu wake. Meja akamsukumia randa kifuani. Kamis akaegemeza bunduki ukutani, akauokota ubao, akaugeuza upande wa pili. Akagonga kabari kidogo, akachungulia kisu, akavuta pumzi. Randa ikapiga mluzi. Utepe wa mvule ukatoka mmoja, mrefu, mwembamba wa kupitisha jua, ukajikunja hadi miguuni pake.

"Eeeeh!" Watu walipaza sauti kama kila mwezi, kabla ya kukumbuka kuogopa. Kamis mwenyewe alitabasamu kabla ya kukumbuka nguo aliyovaa.

Meja akamsogelea. "Kumbe wewe iko seremala."

"Hapana, afande."

"Kesho wewe nahamia karakana. Bunduki acha hapo." Kisha akageukia wengine. "Pakia yote!"

Wakapakia. Kaltumi hakulia wala hakuomba. Alisimama kwenye ngazi akazitangaza zana moja moja, kwa sauti ya kufika barabarani. "Hiyo keke ni ya Mumbere! Hiyo tezo ni ya marehemu babangu! Hiyo randa ni ya fundi Mhindi, ilimlelea watoto sita, na leo mwizi wake wa pili ni huyu hapa!" Majirani walisikia wakiwa nyuma ya mapazia. Nao walikuwa na midomo.

Meja alisogea karibu naye, mkono kwenye bastola. "Mama, wewe iko na nyumba mzuri sana."

"Ndiyo, afande. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao itakuwa wazi."

Lori likaondoka na sinia zikabaki tupu. Mumbere akaketi kwenye ukingo wa baraza. "Sasa dada, tutakutana kutazama nini?"

"Tutaanza na sura zetu. Siku nyingi hatujazikagua."

Baada ya majuma mawili Kamis alikuja bila sare, vumbi la mbao kwenye nywele. Visu vyote vimekuwa butu, alisema, na mtu mmoja hawezi kunolea karakana nzima. Meja anamuuliza Shangazi kama anaweza kwenda kufundisha wengine.

"Mwambie kunoa tunafundisha Jumapili. Aje, na bunduki aiache getini."

"Shangazi, huna geti."

"Nitalitengeneza."

Miwani myeusi ikapita Kawempe mara mbili ikiuliza habari zake. Watu wakamshauri aende kwa ndugu zake Bombo, apumzike. Jumamosi, siku moja kabla ya mkutano, Kaltumi alikwenda Kikuubo na kikapu kilekile. Chini ya rundo la funguo za Perpétue, Mkongomani aliyeuza vyuma chakavu jirani na kibanda chake, aliiona patasi pana, mhuri wa Kiingereza wa Sheffield bado unasomeka, mpini umepasuka.

"Hii ya nini tena, mama?" Perpétue akashangaa. "Si walikuchukulia zote?"

"Walichukua za mwezi uliopita."

Patasi ilikuwa shilingi kumi na nane; Kaltumi akazihesabu, akaitia kikapuni.