Mkono wa Kulia wa Deokpal

Kazi yangu ni kulea wagonjwa wa kiharusi kwa ujira, hapa Busan, Korea, na huu ni mwaka wa kumi na saba. Nalala kwenye kitanda kifupi kinachosukumwa chini ya kitanda cha mgonjwa. Namgeuza, namsafisha, namlisha uji. Madaktari wana picha zao za ubongo, mimi nina macho yangu. Mgonjwa akiweza kunyoosha vidole vya mkono uliopooza ndani ya siku tatu za kwanza, najua mkono huo utarudi. Ukibaki umelala kama soksi iliyoloa, najua familia ianze kutafuta mashati yasiyo na vifungo. Sikosei mara nyingi. Lakini huwa sisemi, kwa sababu mlezi anayewatangulia madaktari kusema hamalizi wiki.

Kwa Tak Malrye nilipaswa kusema tangu siku za mwanzo. Nilinyamaza, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Alikuja wodini na mbavu mbili zilizovunjika, lakini mgonjwa hakuwa yeye. Mgonjwa alikuwa mumewe, Gil Deokpal, mtengeneza injini za meli, mwenye kifua cha ng'ombe dume. Kitanda chake kilipakana na cha mzee niliyekuwa namlea, na kazi ya mzee wangu ilikuwa kulala tu, kwa hiyo nilipata muda mwingi wa kutazama ya jirani. Upande wa kulia wa Deokpal ulikuwa umepooza na maneno yote yalikuwa yamemtoka kichwani, isipokuwa tusi moja. Akitaka maji, "Malaya." Akitaka kugeuzwa, "Malaya." Muuguzi akimsalimia asubuhi, "Malaya." Daktari Yeom, kijana mwenye miwani na haraka nyingi, alitueleza kwamba matusi yana sehemu yake katika ubongo, mtu anaweza kupoteza lugha nzima na tusi likabaki. Sisi walezi tulicheka. Malrye hakucheka, maana alikuwa amelisikia neno lile kwa miaka arobaini na moja.

Alikuwa na miaka sitini na moja, fundi wa kuchuna mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, sokoni. Anampigilia samaki kichwa ubaoni angali hai, anachana, anavuta ngozi, kisha anachukua mwingine. Vidole vyake vilikuwa na makovu kila pingili. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa tangu mwaka wa pili wa ndoa, na meno matatu ya mbele hayakuwa yake. Siku moja tukiwa tunaosha mabakuli alinisimulia jinsi kiharusi kilivyoingia.

"Alipindua meza ya chakula. Eti supu imepoa. Akanivuta nywele mpaka uani, akanikanyaga hapa, mbavu zikalia. Akachukua mti wa kupigia nguo, akaunyanyua. Nikafumba macho, nikangoja."

"Halafu?"

"Halafu mti ukaanguka pembeni yangu. Dada, nilidhani amenihurumia. Mara ya kwanza kabisa."

Alisuuza bakuli taratibu.

"Nikaita gari la wagonjwa haraka haraka kama punguani. Wanasema kila dakika ina faida yake. Ningekaa tu pale nikaokota wali uliomwagika."

Hapo ndipo mwanamke mwenye akili angeelewa. Mimi sikuelewa. Niliona ni hasira ya siku moja, kwa sababu mchana kutwa alikuwa na swali moja tu. Alimuuliza muuguzi, alimuuliza msichana aliyekuja kumfundisha Deokpal kutamka, alimuuliza hata mfagiaji: mkono utarudi lini? Wodi nzima ikampenda. Muuguzi mkuu akasema mke wa namna hii siku hizi hapatikani, na akapeleka jina lake kwenye ofisi ya mtaa ashindanie tuzo ya mke mwema. Wote wakampa jibu moja, "Jitahidi, Mama Kiho, utarudi tu." Jibu halisi, lenye wiki na miezi, Daktari Yeom alimpa Kiho, mtoto wao wa kiume wa kwanza, dereva wa kreni bandarini. Alimpa wakiwa wamesimama koridoni na mlango umefungwa. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Mama wa watu asisumbuliwe.

Siku moja aliniuliza mimi. Nilikuwa nimeviona vidole vya Deokpal vikifunguka siku ya tatu, tena bega likipanda.

"Dada, wewe umeona wengi. Niambie ukweli. Huu mkono vipi?"

"Usikate tamaa, Mama Kiho," nikamjibu, na nikampigapiga mgongoni.

Akarudi kwenye kiti chake.

Wiki ya sita nilikwenda kumsaidia kubadilisha shuka. Nilipofunua blanketi nikakuta mkono wa kulia wa Deokpal umefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa kamba ya wavuvi. Ilikuwa imekazwa mpaka nyama imevimba na kuwa ya zambarau. Deokpal alinikodolea macho. "Malaya," akasema.

"Mama Kiho, ni nini hiki?"

"Mazoezi," akasema.

Nikamwangalia usoni, nikaona woga mtupu, na nikajua kwamba wiki sita nzima mwanamke huyu alikuwa akiuliza siku yake ya kuuawa, nasi tukimpongeza. Nikafungua kamba, nikamvuta mpaka bafuni.

"Sikia. Vidole vilifunguka siku ya tatu. Unarudi huo. Wiki mbili, tatu, atakuwa anashika. Ondoka."

"Uliona siku ya tatu?"

"Niliona."

Alinizaba kofi. Nililistahili.

Hata wiki mbili hazikupita. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, siku nne baadaye, na Malrye alikuwa ameinama kumlisha supu ya mwani. Mkono ukatoka chini ya blanketi, ukamshika nywele za kisogoni, ukamgongesha uso kwenye chuma cha kitanda. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Jino likaangukia ndani ya bakuli na supu ikawa nyekundu. Daktari Yeom alikuwa ndiyo kwanza anaingia kuwakagua wagonjwa. Aliona vidole vikishika, akapiga makofi mawili kabla hajaiona damu.

"Malaya," Deokpal alikuwa akisema kwa kila pigo, "malaya, malaya."

Nilichukua bakuli la chuma la haja ndogo, likiwa na mkojo wake ndani, nikampiga nalo kwenye kifundo cha mkono mpaka akaachia. Sijutii.

Kiho aliitwa kutoka bandarini. Daktari akampeleka koridoni kama kawaida, na safari hii nami nilisimama mlangoni. Nikamsikia akianza na habari njema kuhusu mkono. Malrye akanipita, taulo mdomoni, akajiingiza katikati yao.

"Daktari, niambie mimi."

"Mama, pumzika kwanza. Nimeshamweleza mwanao."

"Yeye ndiye anayelala naye?"

"Mama, usijipandishe presha," Kiho akasema.

"Nyamaza. Daktari, mkono."

Kijana wa watu alivua miwani. "Utarudi karibu wote. Mwezi mmoja na nusu, au miwili. Mguu utatangulia. Kuongea, nisikudanganye, ni lile neno na pengine machache."

"Na anachofanya anakijua?"

"Anaelewa mengi kuliko anavyoonekana."

Malrye aliitikia kwa kichwa, akatema damu ndani ya taulo. Ndiyo mara ya kwanza daktari kumjibu, na niliona mabega yake yakishuka.

"Kiho, baba yako atakuja kwako."

"Kwangu? Mama, mimi nina watoto wadogo."

"Na mimi nilikuwa na mtoto mdogo," akasema. "Ulikuwa unajificha kabatini. Nilikuwa nasimama mbele ya lile kabati."

Akavua aproni, akamwekea mwanawe mikononi, akaenda zake, miguu imelowa supu. Hakurudi kitandani kuchukua hata koti.

Kiho alibaki ameishika ile aproni. Kupitia mlango tulimwona Deokpal ameuinua mkono wake wa kulia mbele ya uso, anaukunja na kuukunjua, anaukunja na kuukunjua.

"Daktari," Kiho akauliza kwa sauti ya chini, "yale mazoezi ya mkono, ni lazima ayafanye?"