Vidonge vya Mkwe

Wajukuu wameniganda niandike kisa hiki, kana kwamba sina mahindi ya kupukuchua. Haya, someni.

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, nami niko kwenye benchi la zahanati. Mchimba dhahabu mmoja wa Geita akamleta mama mkwe wake kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mama ana joto la chungu jikoni, hana tone la jasho, midomo imegandana, anapapasa hewa kama asiyeona.

"Amekula nini?" mganga akauliza.

Mkwe akampa mama mgongo, kama heshima yetu inavyotaka. "Tumbo lilimsokota. Nikamtuma mke wangu ampelekee vidonge vya msokoto wa tumbo nilivyoandikiwa mimi."

"Akameza vingapi?"

"Vyote sita, kwa mpigo."

"Mkojo je?"

Mwanaume akajifunika uso kwa kofia. Kwetu mkwe hataji haja za mama mkwe, hata nyumba ikiungua.

"Sema, atakufa!"

"Hajakojoa tangu jana!" Zahanati nzima ikasikia.

Mganga akamwagia mama maji, akamwekea mpira wa mkojo. "Dawa hii mtu huandikiwa yake, kwa kipimo chake," akafoka. "Haigawanywi kama ugali!"

Vidonge sita vidogo kama punje za mtama vilikuwa vimefunga jasho, mate, macho na mkojo wa mtu mzima!

Kesho yake mate yalimrudia mama, naye akatamka neno la kwanza: "Alete mbuzi."

Mkwe akaleta faini ya mbuzi jike mwenye mimba. Si kwa ajili ya vidonge, bali kwa kuutaja ule mkojo.