Mbegu Alizoziosha Mukai

Kila msimu, maharagwe yakikaribia kung'olewa, Kamene alipita mashambani mwa wake za wanawe akiwa na kibuyu cha mbegu kwapani. Shamba lililomridhisha ndilo lililojaza kibuyu, na mbegu hiyo ndiyo ambayo boma zima lingepanda mvua zikirudi. Tangu Mukai aolewe katika boma lile la Masinga, kibuyu hakikuwahi kujazwa kwingine. Hakuwa na cheo kanisani wala hakujaliwa maneno mengi. Kile kibuyu ndicho kilichomsemea.

Ndipo Nzilani, mke wa shemeji yake, alipohama kutoka Mlolongo, alikokuwa akiwauzia chai madereva wa malori, akaja kulima. Alipalilia huku redio ya simu ikiimba mfukoni, akivua glavu kila mara kutazama kucha zake. Mukai aliyaona hayo yote akasubiri kwa utulivu shamba lile limwaibishe mwenyewe.

Shamba halikumwaibisha. Maharagwe ya Mukai ndiyo yaliyochorwa mistari myeupe iliyopindapinda, kana kwamba mtoto amepitisha chaki juu ya kila jani. Aliwajua wafanyao hivyo: nzi wadogo hutaga mayai ndani ya jani, na mabuu yao hula nyama ya jani kutoka ndani, yakibakiza ngozi tupu. Alipulizia dawa, wakarudi. Lakini nzi hawakumuumiza kama kingamaji kimoja, tuta la kuzuia maji, kilichotenganisha mashamba yale mawili. Upande wa pili wake, majani ya Nzilani yalikuwa ya kijani kitupu.

Jioni moja alishindwa kujizuia, akavuka na kuanza kugeuza jani moja baada ya jingine.

"Mama Ndolo," Nzilani alisema nyuma yake, "leo umeamua kunihesabia majani?"

"Natafuta kuku wangu."

"Kuku wako wako kwako. Hata mimi nawasikia."

Mukai alirudi kwake akiwa amekunja uso.

Msimu ule Kamene bado alijaza kibuyu kwa Mukai, kwa mazoea tu. Mvua zilipokaribia tena, Nzilani alimletea bakuli lililofunikwa kwa kitambaa chenye unyevu.

"Nimekuletea mbegu. Nimezipitisha kwa kitu fulani tulichopewa siku ya wakulima. Hicho kitu, Mama Ndolo, kazi yake ni..."

"Mama Kasyoki, mimi nimepanda maharagwe tangu ukiwapimia madereva chai. Weka hapo."

Nzilani aliweka. "Basi uzipande leo. Usizianike juani."

Alipoondoka, Mukai alifunua kitambaa. Mbegu zilikuwa zimeshikwa na vumbi la kijani kibichi lililofifia, zikinuka kama pembe ya ghala lililovuja. Ilikuwa kuvu. Katika sehemu hizi hakuna anayefanya mzaha na kuvu. Mukai alikuwa ameshamzika shangazi yake mwaka ule mahindi yaliyovunda yalipoua watu. Alisimama na bakuli mkononi, na kilichomjia kwanza hakikuwa hofu wala hasira. Ilikuwa nafuu. Kwa muda mrefu alikuwa amemchukia Nzilani bila sababu anayoweza kuitamka mbele ya mtu, na sasa sababu ilikuwa imeletwa mpaka mlangoni, ndani ya bakuli.

Aliziosha mbegu zile kwa sabuni mpaka maji yakatoka meupe. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwangalifu kupita wanawake wote wa boma lile, alizipaka dawa ya pinki ya kuhifadhia mbegu na kuzipanda kwa mistari iliyonyooka kama uzi. Hakumwambia mtu neno. Alikuwa akiliweka akiba.

Siku ya kibuyu, Kamene alianzia kwa Mukai kama ilivyokuwa desturi. Aligeuza jani moja, akageuza la pili, michoro ikiwa ileile. Alivuka kingamaji, na Mukai akamfuata mpaka alipokuwa Nzilani.

"Mwaitu, kabla hujajaza," alisema kwa heshima, jinsi mkwe anavyomwita mama, "muulize huyu mbegu alizonipa zilikuwa na nini. Zilikuwa na kuvu."

Alingoja Nzilani akane.

"Ndiyo," Nzilani alisema. "Ilikuwa kuvu."

Aling'oa mharagwe mmoja, akalipasua shina lake kwa ukucha. "Iko hapa ndani. Kwa macho huioni. Si ile ya mahindi, Mwaitu. Hii haina sumu ya kuua mtu. Mbegu ikianza kuota inaingia kwa mizizi, inakaa ndani ya shina, na mharagwe unaendelea na maisha yake. Nzi akija hapendi kutaga hapa. Hata akitaga, kile kidudu chake kinadumaa, hakifiki mbali." Alimgeukia Mukai. "Kwani ulizifanya nini?"

"Niliziosha."

"Tu?"

Mukai alitazama mikono yake. "Nikazipaka ile dawa ya pinki."

"Ile ya kuua kuvu."

Kamene alikohoa, kikohozi kilichofanana mno na kicheko. Kisha akamkabidhi Nzilani kibuyu. "Lakini Mukai ndiye atakayechambua," alisema. "Wewe macho yako huwa kwa simu."

Walipomaliza kupura, waliketi kwenye turubai, kibuyu katikati yao. Mukai alichambua polepole. Mbegu moja iliyotobolewa ilimpita vidoleni, na kwa kitambo kifupi aliona jinsi ambavyo zingetosha chache za aina hiyo kuiharibu akiba nzima ya Nzilani. Aliitupa nje ya turubai. Mbegu mbaya kibuyuni asingeivumilia, hata kama kibuyu si chake.

"Hizi zikipandwa zitakuwa nayo tayari?" aliuliza bila kuinua uso.

"Usizitegemee hivyo. Mimi kila msimu nazipitisha tena."

Mukai alichambua konzi nyingine, na nyingine tena.

"Na hicho kitu kinapatikana wapi?"

"Ninacho. Nitakuletea." Nzilani alikung'uta ungo. "Ila sabuni yako uifungie ndani kwanza."

Mukai alicheka kabla hajajizuia, kisha akakasirika kwamba amecheka, akasogeza kibuyu upande wake ili akijaze vizuri.