Jiwe Lililoguswa Kila Upande

Mlinzi alipiga simu maabara: kuna mama getini, anasema haondoki mpaka amwone mdogo wake. Fundi akashuka ngazi mbilimbili. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja: kupima usumaku uliojificha ndani ya vimondo, yale mawe yanayoanguka kutoka angani.

“Mdogo wangu, umekonda! Huyo mkeo anakulisha, au anakuonyesha sahani kwa mbali?”

“Dada, karibu. Umetoka lini?”

“Jana. Shika hiki.”

Akafungua kitambaa. Jiwe lilikuwa dogo kama yai la kuku, ganda jeusi, na pale lilipomeguka ndani palikuwa na rangi ya kijivu. Moyo wa fundi ulipiga paa. Aina hiyo alikuwa ameiona pichani tu. Punje za chuma ndani yake zilipopoa zilishika nguvu ya sumaku iliyokuwepo wakati ule, kabla dunia haijawa dunia, zikaitunza mpaka leo.

“Ni chenyewe,” dada alisema kwa fahari. “Nimefanya ulivyonifundisha. Nimekigusisha sumaku huku, kule, juu, chini. Kinang’ang’ania kama kupe!”

Fundi alitabasamu kwa midomo tu.

Ni yeye aliyewafundisha. Miaka kumi na moja iliyopita, alipochoka kuletewa takataka za wahunzi zinazofanana na vimondo, alichomoa sumaku kwenye spika mbovu, akazifunga kamba, akamgawia dada na majirani zake waliozoea kuokota mawe kwenye tambarare kavu. Miaka mitano baadaye alijipimia mwenyewe akaona: sumaku ya mkononi ikigusa kimondo, hufuta kumbukumbu ya kale na kuweka yake. Alipaswa kurudi aseme, “Nilikosea.” Badala yake alipiga simu, akasema siku hizi sumaku si lazima sana. Aliogopa kuchekwa. Huo ulikuwa uongo, na uongo wa mtu anayeaminiwa huwaumiza wale wale wanaomwamini.

Alibaki na tumaini moja. Huenda katikati ya jiwe palisalimika.

Alimwacha dada kwenye benchi la korido na kikombe cha chai, akavua saa na mkanda, akaacha funguo nje, akaingia katika chumba kilichokingwa dhidi ya sumaku ya nje. Alikata jiwe polepole kwa msumeno mwembamba unaolowa maji, akatoa kipande cha katikati kabisa, kidogo kuliko punje ya hindi. Akakipima. Kisha akakitia usumaku wote ambao kipande kama hicho kinaweza kubeba, akakipima tena. Usumaku wa kale huwa sehemu ndogo sana ya ule wa pili. Namba mbili zilikaribia kulingana: sumaku ya mkononi ilikuwa imefika hata katikati.

Alirudia. Akasafisha mashine, akarudia tena. Namba hazikumhurumia.

“Vipi?” dada aliuliza alipomwona mlangoni.

“Kumbukumbu yake imefutika, dada.”

“Imefutwa na nani?”

“Na sumaku.”

Dada aliweka kikombe chini. “Basi irudishe. Mashine zote hizi, umeme wote huu!”

“Hairudi. Hakuna mtu duniani anayeweza kuirudisha.”

“Kwa hiyo mimi ndiye niliyeliharibu.”

“Si wewe. Ni mimi. Nilijua tangu miaka sita iliyopita, nikaona haya kuwaambia.”

Dada hakumfokea. Laiti angemfokea. Alikunja kitambaa mara nne, akauliza kwa sauti ndogo, “Na yale mengine tuliyokuletea?”

“Vilevile.”

“Wenzangu wako tambarare hivi sasa na sumaku shingoni. Wapigie.”

Akapiga. Jirani mmoja akapokea huku upepo ukivuma kwenye simu. Fundi akaeleza yote, safari hii bila kupunguza neno.

“Sasa fundi,” jirani akasema, “huku mawe meusi ni maelfu. Bila sumaku tutatambuaje?”

“Tazameni ganda. Pimeni uzito mkononi. Mkishuku, nileteeni.”

“Tukubebee yote?” Jirani akacheka. “Pole, mzee. Sisi tutaendelea hivihivi. Angalau hii sumaku inatuonyesha.”

Simu ikakatika. Fundi akapiga tena. Haikupokelewa.